Filamu Inapokataa Kuanza na Inapokataa Kuisha: Dalili, Vyanzo na Tiba

Katika chumba kimoja cha Nyawera, hapa Bukavu, mashariki mwa Kongo, huwa tunakutana Jumamosi alasiri kusomeana senario, yaani maandishi ya filamu, kwa sauti. Waandishi wengi ni vijana, na kazi nyingi wanazoleta ni za filamu fupi za kurasa 10 hadi 15, yaani dakika 10 hadi 15 kwa kipimo kilichozoeleka cha ukurasa mmoja kwa dakika moja. Nimesikiliza nyingi kiasi cha kuzitambua sauti mbili za wasikilizaji. Ya kwanza ni ya viti vinavyoanza kulia karibu na ukurasa wa tatu. Ya pili ni ule ukimya wa mwisho wa watu ambao hawajui kama kusoma kumekwisha au msomaji anatafuta karatasi nyingine. Mwongozo huu umeandikwa kwa ajili ya magonjwa hayo mawili.

Naanza na jambo ambalo ninaliamini kuliko mengine yote yatakayofuata: mwisho mbaya mara nyingi umezaliwa katika ukurasa wa kwanza. Mwandishi huja akilalamika kwamba mwisho wake haukai sawa, na kwamba ameshauandika upya mara tano; ukiisoma kazi yake unakuta kwamba mwanzo haukuuliza swali lolote, kwa hiyo mwisho hauna cha kujibu. Ndiyo maana nashauri kipimo kimoja kabla ya tiba yoyote. Chapisha ukurasa wa kwanza na wa mwisho, uziweke mezani ubavu kwa ubavu, kisha umpe mtu ambaye hajasoma zilizo katikati. Mwulize mambo mawili: huyu mtu mwanzoni anataka nini, na mwishoni amekipata, amekikosa, au ameacha kukitaka? Akishindwa kujibu swali la kwanza, usiuguse mwisho kwanza. Nenda mwanzoni.

Ukurasa wa tano umefika na hakuna kilichoanza

Simu inalia kengele ya asubuhi. Mhusika anaamka, anapiga mswaki, anakunywa chai, anasalimiana na jirani, anateremka mlima kutoka mtaa wa Kadutu. Kila kitu kinaaminika na hakuna kinachomfanya mtu atake kujua kitakachofuata.

Chanzo chake ni cha heshima: mwandishi alikuwa bado anamtafuta mhusika wake. Kurasa zile zilimsaidia yeye, kama miti ambayo fundi huegemeza ukutani ili apande kujenga. Kosa ni kuiacha miti hiyo ukutani nyumba ikishakwisha.

Tiba ni kusoma mbele mpaka ufike mahali ambapo mtu anafanya jambo lisilorudishika: anaiba, anasema uongo, anafungua barua isiyo yake, anapanda mashua bila kuaga. Ukishapaona, rudi nyuma nusu ukurasa tu, uanzie hapo. Kurasa ulizoziruka usizitupe, kwa sababu mara nyingi ndani yake mna kitu kimoja kidogo kinachostahili kuokolewa.

Nitoe mfano kwa ukaribu. Senario moja tuliyoifanyia kazi ilimhusu Neema, binti wa miaka 16, ambaye mama yake anauza sambaza, wale samaki wadogo wa ziwani, katika soko la Beach Muhanzi. Rasimu ya kwanza ilifunguka kwa ziwa lililopigwa picha kutoka angani, huku msimulizi akizisifu rasi tano za Bukavu. Kisha Neema akaamka, akafagia, akaenda shule. Habari ya kwanza yenye uzito ilijitokeza ukurasa wa sita: fedha ambazo mama hufunga kwenye pembe ya kitenge zimepungua, na aliyezichukua ni Neema mwenyewe. Lile fundo la kitenge lilikuwa limetajwa kwa kupita tu, katika mstari mmoja. Tulimwomba mwandishi aanze nalo, na wiki iliyofuata alileta ukurasa huu:

NDANI. CHUMBA, KADUTU. USIKU.
Mshumaa mezani. MAMA (45) anahesabu noti, anazikunja, anazifunga kwenye pembe ya kitenge. Fundo moja. La pili. Analikaza kwa meno.
Kwenye mkeka, NEEMA (16) amelala ubavu, macho wazi.
NEEMA: Mama, zimefika ngapi?
MAMA: Lala.
Mama anapuliza mshumaa. Giza. Pumzi yake inakuwa nzito, ya mtu aliyelala. Kisha sauti ndogo: kucha zinazokwaruza kitambaa.

Haujafika hata ukurasa mzima. Hatujaambiwa kwamba familia hii ni maskini, wala kwamba mama amebeba mzigo peke yake, wala kwamba kati ya wawili hawa kuna jambo lisilosemwa, tumeyaona yote. Na maswali yameshaanza kututembelea. La juu ni kama Neema atagunduliwa. La chini, ambalo ndilo zito, ni kwa nini mama hakutaka kumwambia binti yake idadi.

Msimulizi anaueleza mji na vita vyake

Hii ndiyo dalili ninayokutana nayo mara nyingi zaidi katika kazi za huku kwetu, na ndiyo inayoniuma zaidi, kwa hiyo nitakaa nayo. Skrini nyeusi, maandishi meupe, miaka ya vita: 1996, 1998, 2004. Sauti nzito inaeleza nani alivuka mpaka gani. Inapita dakika nzima, wakati mwingine mbili, kabla hatujauona uso wa mtu mmoja.

Chanzo ni hofu. Mwandishi anahofia kwamba mtazamaji wa mbali, aliyeko Paris au Bruxelles, hataelewa, na kwa kuwa huyo ndiye anayedhaniwa kuwa na fedha na matamasha, filamu inaanza kwa kumhudumia yeye. Matokeo ni kwamba mtazamaji wa Bagira, hapa mjini, anaambiwa mambo aliyoyaishi, na yule wa Paris anapewa somo ambalo angeweza kulisoma kwingine. Hakuna kati yao aliyepewa mtu wa kumfuata.

Sisemi kwamba historia hiyo iachwe. Nasema iingie kwa mlango wa nyumba. Jiulize: miaka ile imeacha nini ndani ya chumba hiki, juu ya mwili huu, katika tabia ya huyu mama? Labda mlango una komeo tatu ilhali chumba hakina cha kuibwa. Labda bibi hulala amevaa viatu. Labda kuna sahani moja ambayo kila jioni huwekwa mezani na hakuna anayeila. Mtazamaji wa Bukavu ataelewa mara moja na kifua kitambana. Wa Paris hataelewa, atauliza, na atabaki kwenye kiti chake akisubiri jibu. Wote wawili wameshakamatwa kwa kitu kimoja.

Kama bado unaona tarehe ni lazima, ifiche ndani ya tukio: redio inayosikika kutoka kwa jirani, kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyeitoa ukutani. Na kama baada ya kufanya hivyo unagundua kwamba hadithi ingesimama vilevile bila tarehe hiyo, iondoe bila huruma.

Mlio mkubwa, halafu baridi

Risasi, mbio, mlango unavunjwa, mtu anaanguka. Kisha maandishi yanasema "Miezi mitatu kabla", na kurasa nane zinazofuata ni harusi na mazungumzo ya sokoni. Mwandishi ameshaambiwa kwamba mwanzo lazima umshtue mtazamaji, akatii. Lakini mshtuko una maisha mafupi, na taharuki ni kitu kingine: humjia mtu anapomjua anayehatarika na kujua anachoweza kupoteza. Tukimwona mgeni anaanguka, tunashtuka kama tunavyoshtuka sahani ikivunjika, na baada ya muda mfupi tumesahau.

Ili kubaini kama ugonjwa ni huu, ondoa onyesho la kwanza na usome kuanzia la pili. Ikiwa hadithi haijapoteza chochote isipokuwa kelele, kisengere nyuma chako, yaani ule mruko wa kurudi nyuma katika wakati, kilikuwa kifuniko cha mwanzo usio na swali. Tiba ni kulitafuta swali ndani ya ile harusi. Swali halihitaji bunduki. Katika Pièces d'identités ya mwaka 1998, filamu ya Mweze Ngangura, mzaliwa wa Bukavu, iliyoshinda Farasi wa Yennenga, tuzo kuu ya tamasha la filamu la FESPACO huko Ouagadougou, mwaka 1999, mfalme mzee wa Bakongo anafunga safari hadi Ubelgiji kumtafuta binti yake, aliyempeleka huko kusoma angali mtoto. Baba anamtafuta mwanawe: kila mtu ukumbini anajua tangu mapema anasubiri nini, na anajua pia kwamba kumpata si sawa na kumkuta alivyokuwa.

Magonjwa madogo ya mwanzo

Mhusika anaota jambo la kutisha kisha anazinduka akitoka jasho: mtazamaji amedanganywa kabla hajakuamini, na utalipa kwa kurasa nyingi kuirudisha imani hiyo. Ondoa ndoto.

Majina saba katika ukurasa mmoja: hakuna atakayekumbukwa. Wape majina wawili, wengine wabaki "muuza makaa" na "dereva wa pikipiki" mpaka watakapofanya jambo lenye uzito.

Maelezo ya moyoni, kama "anajisikia mpweke kwa sababu baba yake hakumpenda": kamera haioni sababu. Andika kinachoonekana na kinachosikika, katika wakati uliopo.

Mjomba kutoka Ulaya

Sasa tugeukie mwisho. Dalili ya kwanza ni wokovu kutoka nje. Mambo yamembana mhusika pande zote, kurasa zimebaki mbili, na ghafla mjomba aliyeko Ulaya anatuma fedha kwa simu, au mchungaji anagonga mlango, au yule mbaya anagongwa na lori njiani. Rasimu ya kwanza ya Neema iliisha hivyohivyo: mjomba, simu, fedha zimerudi, mama anacheka.

Mwandishi akiulizwa hujibu kwamba mambo kama hayo hutokea kweli. Ni kweli hutokea. Wengi wetu tumeokolewa na simu ya namna hiyo. Lakini katika maisha hatukulipa kiingilio ili tuone jinsi mtu atakavyojikwamua. Chanzo cha tatizo ni kwamba mhusika hajawekewa njia panda ambayo yeye peke yake anaweza kuichagua. Kabla ya mwisho, lazima awepo mahali pa kuamua, na uamuzi huo umgharimu kitu ambacho mwanzo ulituonyesha kwamba anakithamini. Kwa Neema gharama hiyo haikuwa fedha. Ilikuwa ni kumwambia mama, kwa kinywa chake, usiku, katika chumba kilekile, kwamba kucha zile zilikuwa zake. Mwandishi alikuwa ameliruka onyesho hilo kwa sababu lilikuwa gumu kuandika, na mjomba alikuwa njia ya kulikwepa. Nimeona jambo hili likijirudia mara nyingi: anapotokea mwokozi wa ghafla, tafuta karibu naye onyesho ambalo mwandishi ameliogopa.

Mtu husaidiwa pia na bahati, na hilo halikatazwi. Bahati inayomwingiza mhusika matatani inaaminika kwa urahisi. Inayomtoa ndiyo inayokataliwa na ukumbi.

Mhusika anageuka mhubiri

Ukurasa wa mwisho, mhusika anasimama mbele ya familia, au mbaya zaidi mbele ya kamera, na kueleza alichojifunza. Ugonjwa huu una historia yake hapa mjini. Wengi wetu tulijifunza kuandika kwa filamu zilizoagizwa na mashirika: kunawa mikono wakati wa kipindupindu, kuwapeleka wasichana shule, kuishi kwa amani na majirani. Kazi hizo zina haki yake, na ujumbe wake lazima usemwe wazi, kwa sababu mtu anaweza kupona au kufa kwa kuuelewa au kutouelewa. Ila mkono uliozoea kufunga kila filamu kwa agizo unaendelea kufunga hivyo hata pale ambapo hakuna aliyeagiza.

Tiba yake ni ya hatua mbili. Kwanza, andika hotuba hiyo yote, ndefu unavyotaka, kwenye karatasi ya pembeni, kwa kuwa ndani yake mna jambo unaloliamini na unahitaji kulijua. Pili, tafuta tendo moja ambalo mhusika asingeweza kulifanya katika ukurasa wa kwanza na ambalo sasa anaweza. Mtu aliyekuwa akikwepa kumtazama baba yake machoni, sasa anamtazama. Mtu aliyekuwa akila peke yake, anavuta kiti cha pili. Tendo hilo likipatikana, hotuba haina kazi tena.

Wote wanakufa

Sitarefusha hapa. Mwandishi ametaka uzito, akadhani kifo ndicho jiwe zito kuliko yote lililo karibu. Swali la kupima: nani anabaki, na kesho asubuhi anaamkaje? Kama jibu la swali hilo linavutia kuliko kifo chenyewe, mwisho wako uko kesho yake asubuhi.

Filamu imeisha mara tatu

Wanakumbatiana, giza. Kumbe bado: mwaka mmoja baadaye, duka jipya, giza. Kumbe bado: kaburi la bibi, maua. Kila mwisho unaushusha uliotangulia. Chanzo huwa ni kwamba maswali matatu yalifunguliwa kwa uzito sawa, na kila moja linadai kufungwa kwake. Yapange: lililofunguliwa kwanza ndilo lifungwe mwisho, na mengine yafungwe njiani, hata kwa mtazamo mmoja tu wa jicho. Neno wanalotumia Wafaransa kuita mwisho wa hadithi lina maana ya kufungua fundo, na anayefungua mafundo kwenye kamba anajua kwamba la ndani kabisa, lililofungwa kabla ya yote, ndilo linalofunguka mwisho.

Mwisho ulioachwa wazi, au usioandikwa?

"Nilitaka mtazamaji aamue mwenyewe." Sentensi hii naiheshimu na pia naishuku. Uko mwisho wazi ulio kamili, na uko mwisho ambao mwandishi amechoka akaupa jina zuri. Ninavyoutofautisha ni hivi. Katika mwisho wazi ulio kamili, mhusika ameshaamua, na kisichojulikana ni matokeo tu: binti amegonga mlango, hatujui kama utafunguliwa. Tunajua kila kitu tulichohitaji kujua juu yake, kwa sababu amegonga. Katika mwisho usioandikwa, mhusika bado anasimama mbele ya mlango mkono ukiwa hewani, na hatujui kama yeye ni mtu wa kugonga au wa kurudi. Hapo kilichofichwa ni mhusika mwenyewe, na mtazamaji hawezi kumaliza kazi ambayo mwandishi hakuifanya.

Kwa hiyo, kabla ya kusoma mwisho wako mbele ya wengine, jibu kwa siri, kwa sentensi moja, ni nini kinatokea baada ya giza. Ukiweza kujibu, unaruhusiwa kunyamaza. Usipoweza, rudi kazini.

Mwisho mzuri ambao haukupigwa

Dalili hii huonekana baada ya filamu kukamilika: karatasi inasema kitu, skrini inaonyesha kingine. Niliwahi kuandika mwisho wa kundi la watu bandarini, mashua ikiwasili jioni, nuru ya dhahabu juu ya ziwa. Siku ya kupiga picha mashua ilichelewa. Tuko digrii mbili na nusu tu kusini mwa ikweta. Jua huzama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na giza halichelewi kufuata. Tulipata jaribio moja, halafu hatukuona kitu. Filamu ikaisha kwa sauti ya msimulizi iliyowekwa baadaye juu ya picha za maji, na hadi leo naikwepa nikiiona.

Chanzo kilikuwa mimi, kwa kuutundika uzito wote wa hadithi juu ya kitu nisichokiamuru. Tangu wakati huo nauliza kila senario fupi: je, mwisho huu unaweza kupigwa ndani ya chumba kimoja, na watu wawili, umeme ukiwa umekatika? Mashua na kundi vinaweza kuwepo, ila viwepo kama pambo. Kiini kiwe kitu kinachoshikika kwa mkono, na ikiwezekana kiwe kile kilichoonekana katika ukurasa wa kwanza, ili mtazamaji akione mara ya pili akiwa na macho mengine.

Ndivyo mwandishi wa Neema alivyofanya baada ya kumwondoa mjomba na kuliandika onyesho la kukiri, ambalo lilimchukua wiki tatu. Ukurasa wake wa mwisho, tulipouweka mezani kando ya ule wa kwanza, ulisema hivi:

NDANI. CHUMBA, KADUTU. USIKU.
Mshumaa. NEEMA ameketi mezani, kitenge cha mama mbele yake, fundo halijafunguliwa. Anajaribu kwa vidole. Anashindwa. Anatumia meno. Noti zinatoka zimekunjamana. Anahesabu kwa midomo.
Kwenye mkeka, MAMA amelala ubavu, macho wazi.
MAMA: Zimefika ngapi?
Neema anafungua kinywa, anasita, anazikusanya noti.
NEEMA: Ngoja nihesabu tena.

Chini yake palikuwa na mstari mmoja zaidi, mama akisema, "Sasa nakuamini, mwanangu." Tuliusoma kwa sauti mara mbili, mara ya kwanza pamoja na mstari huo, mara ya pili bila huo. Mara ya pili hakuna kiti kilicholia, na mwandishi hakusubiri maoni ya mtu. Alivuta karatasi, akachukua kalamu, akaukata mstari huo.